Mtihani wa leseni ya uuguzi: nilianguka mara ya kwanza, nikafaulu ya pili

Mdogo wangu wa Pongwe, umeuliza kama miezi miwili inatosha kujiandaa na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, nawe umemaliza astashahada na huna hela ya tuisheni. Inatosha. Mimi mara ya kwanza nilisoma miezi minne nikaanguka. Mara ya pili nilisoma wiki saba nikafaulu, na asubuhi nilikuwa najitolea zahanati, kuandika kadi na kupima watoto uzito. Naujua uchungu wa kumwambia mama aliyekusomesha kwa vitumbua kwamba cheti unacho ila leseni huna, na bila leseni kazi ya uuguzi huruhusiwi kuifanya.

Kilichoniangusha ni kumeza madesa. Nilikariri maswali ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake, swali likigeuzwa kidogo tu nimepotea. Yale yaliyonimaliza hayakuuliza maana ya kitu. Yalinipa mgonjwa, yakaniuliza nianze na nini. Majibu yote manne ni mambo ambayo nesi hufanya kweli, ila moja tu ndilo la kwanza.

Chukua kifafa cha mimba. Mama anaendelea na magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, saa ya dozi inayofuata imefika, unamhesabu anapumua mara 10 kwa dakika. Mimi nilikuwa nimekariri dozi, basi ningechoma. Kumbe kabla ya kila dozi kuna vitu vitatu vya kutazama: apumue angalau mara 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kimoja kikikosekana, dozi inasimama. Huyu wa pumzi 10 unasitisha dawa, unaita msaada, unamsaidia kupumua, na kalsiamu glukoneti ndiyo inayoandaliwa kupambana na ile magnesiamu.

Hayo nilikuja kuyaelewa barazani kwa bibi yangu, Ngamiani. Jioni nilikuwa namweleza nilichosoma, kwa Kiswahili kitupu, naye anachambua mchele. Siku hiyo akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, goti na pumzi wapi na wapi?" Nikakosa jibu. Usiku nikarudi kitabuni: magnesiamu ikizidi mwilini hulegeza misuli, na goti huacha kuruka kabla pumzi haijaanza kushuka. Kwa hiyo goti linakuonya mapema. Tangu siku ile sijasahau, na sikuhitaji kukariri.

Ndiyo maana nakwambia tafuta mtu asiye nesi umfundishe. Mtihani ni wa Kiingereza, na wengi wetu tunajificha nyuma ya maneno makubwa ya Kiingereza tukidhani tumeelewa. Ukishindwa kumweleza bibi, hujaelewa. Ukishamweleza akaridhika, rudi uandike kwa Kiingereza sentensi tatu nne. Hatua hiyo ya pili usiiruke, maana kuna mwenzangu aliyeelewa vizuri kabisa, akaja kukwama kwenye lugha ya maswali.

Hesabu za dawa fanya kila siku kabla hujanywa chai, tano zinatosha. Dripu ya mililita 1000 iende kwa saa 8, seti, yaani mpira wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Wengi huangukia pale pale, wanasahau kugeuza saa kuwa dakika. Hizi ni alama za bure, na wodini ni uhai wa mtu.

Ukunga upe muda mwingi kuliko unavyodhani. Mtoto aliyezaliwa halii: mkaushe, mpe joto, msugue mgongo, na kama bado hapumui anza kumpa hewa kwa begi na maski ndani ya dakika ile ya kwanza. Mama anayetoka damu baada ya kujifungua, vivyo hivyo, jiulize kipi kinatangulia na kwa nini. Kunawa mikono, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, usidharau.

Vikundi vya watu kumi sivipendi, saa nzima inaishia kwenye stori. Mimi nilisoma na mmoja tu, tukipeana mgonjwa mmoja mmoja wa kubuni.

Anza kesho na hicho kifafa cha mimba. Mweleze mtu wa nyumbani kwenu, kisha njoo uandike hapa amekuuliza nini kikakushinda, tukifungue pamoja.