Mume hatoki chumbani, nimuulizeje?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati wilayani Kasulu, Kigoma. Mama mjamzito amekuja mara ya pili na michubuko, anasema ameanguka. Mumewe hamwachi. Nifanyeje?

JIBU: Usimuulize mbele ya mume, wala usimfanye wifi mkalimani wa Kiha, maneno yatafika nyumbani kabla yake. Mpeleke apimwe uzito na mkojo, mwambie mume huo ndio utaratibu kwa wajawazito wote. Mkiwa wawili uliza waziwazi: “Kuna mtu nyumbani anayekupiga?” Akikana, usimbane, mwambie anaweza kurudi kuzungumza nawe wakati wowote.

Akikubali, msikilize, mwambie si kosa lake. Usimwamuru aondoke, maana wakati wa kuondoka ndipo hatari huzidi. Uliza kama vipigo vimeongezeka, kama ametishiwa kwa silaha, na hasa kama amekabwa shingo: sauti ikikwaruza au kumeza kukiuma, mpe rufaa siku hiyohiyo hata kama shingo haina alama.

Kama amebakwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora. Matibabu yasisubiri PF3, yaani fomu ya polisi.

Pima majeraha kwa sentimita, andika kwenye faili la kituo. Kamwe si kwenye kadi ya kliniki, mume huisoma. Habari za dawati la jinsia la polisi na ustawi wa jamii mweleze mama kwa mdomo.