Una mafuta kwenye ini? Chungwa litafune, usilikamue

Muuza machungwa barabarani hulimenya kwa kisu, akaondoa ganda la kijani tu na kuacha ule weupe. Mteja hulikata kati, akafyonza maji, akatupa makapi. Kwa mtu aliyeambiwa ana mafuta kwenye ini, kilichotupwa ndicho chenye faida zaidi. Flavonoidi za chungwa (kemikali za asili za mimea), hasa ile iitwayo hesperidini, zimejaa kwenye weupe huo na kwenye ngozi za vipande vya ndani. Maji yake yanazo kidogo, na ukiyachuja unapunguza tena.

Je, zinasaidia ini? Kuna utafiti uliofanyika Iran ambapo wagonjwa walipewa gramu 1 ya hesperidini kwa siku kwa wiki 12, huku wakirekebisha chakula na kufanya mazoezi. Mafuta kwenye ini na kimeng'enya cha ALT (kinachopanda kwenye damu ini likiumia) vilishuka kuliko kwa wenzao waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini angalieni kipimo: kupata gramu hiyo kwenye juisi ungehitaji lita 2 au zaidi.

Na juisi ndiyo inayoharibu. Glasi moja hula machungwa matatu au manne na hubeba zaidi ya gramu 20 za sukari, hata usipoongeza kijiko. Sehemu kubwa ya fruktosi yake (sukari ya matunda) huishia kwenye ini, na ikizidi hugeuzwa mafuta yale yale unayoyapiga vita. Ukila chungwa zima, nyuzi zake huichelewesha sukari, na la pili tu linatosha kukushibisha.

Kwa hiyo: osha chungwa, menya ganda la juu jembamba, kata vipande vinne, kisha tafuna pamoja na weupe. Moja au mawili kwa siku yanatosha. Chenza nazo zinafaa. Mwenye kisukari ayahesabu ndani ya mlo wake.

Wapo wanaoamini maji ya moto na ndimu asubuhi husafisha ini; hayasafishi. Yakizidi, asidi yake hula meno.

Kazi kubwa inabaki kwenye uzito. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4, mafuta ya ini huanza kupungua; akifika kilo 6 hadi 8, hata uvimbe wa ini hutulia. Apunguze nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa sababu kujinyima ghafla kunaweza kulizidishia ini madhara. Soda na pombe viondoke kwanza.

Tahadhari moja ni ya balungi. Lina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, zikiwemo simvastatini ya kolesteroli na nifedipini ya presha, hivyo dawa hupanda kupita kiasi kwenye damu. Kula balungi asubuhi na kumeza dawa usiku hakusaidii, maana athari hiyo hudumu zaidi ya siku nzima. Unayetumia dawa hizo, liache kabisa mpaka uzungumze na mfamasia wako.