Barua ilikaa chini ya godoro

Wiki hii mmeuliza kati ya kitabu na muvi kipi kinakuingia zaidi. Mimi najibu kitabu, ila sio kwa ile sababu ambayo wengi huwa wanaitoa, kwamba eti muvi inakutafunia kila kitu we kazi yako kumeza tu. Hiyo sikubaliani nayo kabisa.

Kuna riwaya nilisoma, mzee mmoja analetewa barua na anajua inamhusu mwanae aliyeondoka zamani, basi haifungui. Anaiweka chini ya godoro, anatoka kulisha kuku, anarudi, anainua godoro anaiangalia, anairudisha. Siku tatu! Hizo siku tatu zimekula kurasa kama 30 hivi na muda wote uko ndani ya kichwa chake, unasikia anavyojipa visingizio. Baadae ikatolewa muvi yake nikaitafuta nikaiona, siku tatu zote zimekuwa dakika 2. Nawaelewa, maana waandika skripti wanahesabu ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya muvi, sasa riwaya ya kurasa 400 utaibana vipi iingie kwenye masaa mawili bila kukata? Lakini yule muigizaji jamani. Uso umetulia tu, hasemi, halii, kamera inatoka usoni kwake inaenda kwenye bahasha inarudi usoni, na mimi nilipokaa machozi yananitoka. Ile huzuni niliiweka mimi. Kuna mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, zaidi ya miaka 100 iliyopita alichukua uso uleule wa muigizaji mmoja akauunganisha na sahani ya supu, mara na jeneza, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, wakaona majonzi, wakati uso wenyewe haukubadilika hata kidogo. Kwahiyo mtu asiniambie anayeangalia muvi akili yake imelala.

Tofauti ninayoiona mimi ni nani kashika muda. Muvi inakimbiza picha 24 kila sekunde, uwe tayari usiwe tayari, na nguvu yake iko hapohapo, inakushika mkono inakupitisha sehemu ambayo mwenyewe ungeikwepa. Ndio, ukiwa nyumbani unaweza kupozi, ila ukipozi mziki umekatika, uso wa steringi umeganda mdomo wazi, ile hali yote imeshatoka. Kitabu ukikifunika hakikatiki, unabaki nacho.

Mimi ule usiku nilifika pale mzee anairudisha barua chini ya godoro kwa mara ya pili, nikashindwa kufungua ukurasa unaofuata, yaani mkono ulikataa. Nikafunika nikazima taa. Usingizi wenyewe ukawa wa kuibia, nawaza yule mtoto yuko hai au hayupo, nikampa sauti, nikamwandikia barua nzima kichwani mwangu, mara anaomba msamaha, mara anasema yuko njiani anarudi, mara sio yeye kabisa ni mtu baki tu kaandika kuleta taarifa za msiba. Asubuhi hata uso sijanawa nikakichukua, nikafungua, na mzee bado alikuwa hajaisoma.