Stika ya kusugua inagoma kushika kwenye droo

Pole dada, hilo la maua ya stika ya kusugua (ile picha inayohama toka kwenye plastiki yake ukiisugua) kubaki nusu kwenye plastiki na nusu kwenye droo linaudhi kweli, ila usiitupe hiyo stika bado. Umesema droo umeipaka rangi jana tu na ni ya kung'aa, basi nadhani shida ipo hapo, maana rangi juu inaweza kuwa kavu huku ndani bado laini, na stika hizi zinapenda rangi isiyong'aa. Iache ikauke siku kadhaa, halafu pitisha msasa laini kidogo tu kuua ule mng'ao, futa vumbi lote na usipake nta kabisa kabla ya stika, haitashika.

Ukirudi kwenye kazi hiyo kata picha vipande vidogo, toa karatasi ya nyuma, bandika kwa tepu isicheze ndo uanze kusugua na kile kijiti chake kuanzia katikati kwenda pembeni, taratibu bila kuruka sehemu. Plastiki inyanyue polepole kwa pembe, ukiona ua linainuka nayo irudishe chini usugue tena hapohapo. Picha ikipita juu ya mwanya wa droo ikate hapo na wembe mkali, usivute kwa mkono itachanika vibaya.

Ikishashika yote weka ile karatasi ya nyuma juu yake usugue tena kwa kidole, kisha paka vanishi ya maji, tabaka mbili nyembamba. Ya mafuta achana nayo, inaweza kugeuza rangi njano.