Kabla Hujamkabidhi Mchoma Mkaa Ekari Zako za Miombo

Msomaji mmoja wa mkoa wa Morogoro ameniandikia kwamba ana ekari 12 za miombo alizorithi, na amempata mchoma mkaa aliye tayari kufyeka zote kwa mkupuo. Magunia watagawana, kisha visiki ving'olewe palimwe ufuta. Anauliza kama mgawo aliotajiwa ni wa haki. Ndugu yangu, mgawo ni jambo la mwisho. Tuanze na visiki.

Miti mingi ya miombo, kama myombo, mtundu na mtondoro, haifi ikikatwa. Mizizi hubaki hai ardhini, na mvua za kwanza zikinyesha kisiki huchipua machipukizi mengi. Kwa kuwa yanalishwa na mizizi ya mti mzima, machipukizi hayo hukua haraka kuliko mche wa mti huo huo utakaoununua kitaluni. Kwa hiyo ukishavuna vizuri huhitaji kununua mche, kuchimba shimo wala kumwagilia. Msitu ukipotea baada ya mkaa, mara nyingi ni kwa sababu visiki viling'olewa ili palimwe, au moto wa Septemba ulipita juu ya machipukizi machanga, au mbuzi waliingizwa mapema mno. Inauma kuona mchoma mkaa akibebeshwa lawama yote huku jembe lililokuja nyuma yake halitajwi kabisa.

Wilayani Kilosa kuna vijiji vilivyoanza mwaka 2012 kuvuna mkaa kwa mpango katika misitu yao ya hifadhi ya kijiji. Eneo la mkaa hugawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, yaani robo hekta kila kimoja, na mzunguko ni miaka 24. Vitalu huvunwa kwa kurukwa: kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa kimesimama. Hivyo mbegu hudondoka kutoka pembeni, udongo hauanikwi juani eneo lote, na ndege na nyuki wana pa kuhamia. Ada ya mavuno huingia kijijini, na mkutano mkuu huamua ijenge nini.

Wewe mwenye ekari 12 unaweza kufuata hesabu hiyo hiyo. Gawa kwa 24 upate nusu ekari kwa mwaka. Najua inaonekana ndogo. Lakini ni nusu ekari ya kila mwaka, na mwaka wa 25 unarudi ulipoanzia na kukuta miti. Ukifyeka zote leo utauza mara moja, halafu utaanza kununua kuni.

Ndani ya hiyo nusu ekari usikate kila kitu. Mninga, mpingo na mkongo viache, maana gunia la mkaa halitalipa kamwe thamani ya ubao wake. Acha pia mti wenye mzinga, na miteremko mikali yote. Kando ya mto usiguse chochote ndani ya mita 60. Hilo ni la kisheria tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kata mwishoni mwa kiangazi, Agosti au Septemba, ili mvua zikute kisiki kikiwa tayari. Kata chini kidogo ya goti, na uso wa kisiki uwe wa mshazari ili maji yasituame na kukiozesha. Tumia msumeno au shoka kali. Shoka butu huchana ganda, na chipukizi hutokea kwenye ganda. Ukilichubua hadi chini umekiua kisiki ambacho bado kimesimama. Usiwashe tanuri wala kurundika matawi juu ya visiki.

Baada ya kukata, subira. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mkaa bila kujua. Gogo bichi limejaa maji, na maji hayo lazima yageuke mvuke kabla mti haujaanza kuwa mkaa. Joto la kuyageuza linatoka kwenye magogo yako mwenyewe, yanayoungua hadi kuwa majivu. Katakata magogo kwa urefu wa mita moja hadi mbili, yenye unene unaozidi sentimita 20 yapasue, kisha yaache yakauke mwezi mzima. Tanuri la haraka la mti mbichi hutoa kama kilo 120 za mkaa kwa tani moja ya mti. Mti mkavu, ukipangwa vizuri na kulindwa, unaweza kukupa kilo 250. Miti ni ile ile, magunia ni mengi zaidi.

Kwa tanuri tafuta mahali tambarare penye udongo wa tifutifu. Mchanga mtupu hupenya kati ya magogo na kuzima moto, na mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka. Fyeka nyasi pande zote hadi mita tatu. Laza miti miwili au mitatu chini kwa urefu wa tanuri ili hewa ipite, kisha panga magogo kwa kukingama juu yake, manene katikati, na kila mwanya uzibwe kwa vipande vidogo. Mwanya ulioachwa ndani ni njia ya moto, na moto ukipata njia unakula mkaa. Funika kwa nyasi na majani mabichi unene wa kiganja, halafu udongo wa sentimita 20. Ukiweza, simamisha bomba la moshi la bati au la madebe upande ulio mkabala na mdomo wa kuwashia. Bomba huvuta moto polepole kupitia rundo lote, ili usipande juu na kutoboa paa.

Ukishawasha, kuwa na mlinzi usiku na mchana, na mlinzi husoma moshi. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka, uache. Ukianza kuwa wa kijivu wenye manjano na kuwasha macho, mti wenyewe unageuka. Ukiwa mwepesi wa buluu, karibu usionekane, mkaa umeiva. Ziba mdomo, ng'oa bomba, fukia kila tundu. Ukichelewa hapo unachoma mali iliyokwisha kukamilika. Ufa ukitokea uzibwe papo hapo. Paa likibonyea jaza nyasi na udongo kutoka pembeni, bila kukanyaga juu, kwa sababu chini kuna makaa mekundu na watu wametumbukia. Wala asilale mtu upande unakoelekea moshi. Una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na inaua mtu usingizini.

Acha lipoe siku mbili tatu, au zaidi likiwa kubwa. Fukua kidogo kidogo asubuhi na udongo ukiwa karibu. Kipande kikifuka kizime kwa udongo, si kwa maji, maana mkaa ulionyeshewa hubomoka na mnunuzi hataki chenga.

Kazi yote hiyo iko mikononi na machoni mwa mtu. Mchoma mkaa anayejua kusoma moshi ni rasilimali kama ulivyo mti wenyewe, na tunamlipa kama kibarua wa kubeba mizigo. Ndiyo maana anakimbiza kazi. Anayelipwa kwa eneo alilofyeka atafyeka, na anayelipwa kwa gunia atakaa na tanuri lake mpaka moshi ugeuke buluu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pita kwanza serikali ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya, kwa sababu mkaa usio na kibali cha kuvuna wala hati ya kusafirishia utakamatwa kwenye kizuizi. Kisha andikianeni mbele ya mtendaji: nusu ekari hii tu, miti hii isiguswe, kisiki kikichubuliwa kina faini, malipo kwa gunia. Baada ya mavuno fyeka mkanda wa kuzuia moto kuzunguka kitalu kabla nyasi hazijakauka, mwezi wa Mei au Juni. Mbuzi wasiingie mpaka machipukizi yawapite urefu. Mwaka wa pili punguza machipukizi, ubakize mawili au matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki. Ufuta panda kwenye shamba ulilokwisha kulilima zamani.