Sotezi inakukataka fasi hauangalie

Badogo, kila mara mwanafunzi mupya anafika ku ateliye kwetu hapa Goma, mashini yenye anaogopa ni meleze (ile ya kusaga na kukata chuma). Sawa, ile iko na makelele, inatupa moto, hata paka ya jirani inakimbia. Halafu anaona sotezi pale pembeni (benye banatokaka Kampala ao Nairobi banaiitaka jigso, ni kitu moja), kamashini kadogo, kamsumeno kembamba kanapanda na kushuka, basi anaikamata na mkono moja kama mutu anapiga nguo pasi, mkono ingine inashika mbao. Mi pia njo vile nilianza. Leo kidole yangu ya shahada ya kushoto kucha yake inaotaka imepinda.

Tulikuwa tunakata herufi kubwa kubwa za plaki ya saluni moja, tripleksi (plaiwudi) ya milimeta 9, nilikuwa nimefika ku S. Mbao ikaanza kutetemeka pale kwenye S inazunguka, nikaona niisaidie kidogo, nikapitisha mkono chini niikaze. Ni vile tu. Uchungu haukukuja pale pale, nilisikia kwanza mashini imebadilisha sauti kama imepita mu kitu laini, na patro (bosi) akaanza kulalamika juu ya damu ku tripleksi ya mteja mbele hata aone inatoka wapi. Nilishonwa nyuzi tatu. Ile S tuliipaka rangi nyekundu, mteja hakujua kitu.

Sasa mushike hii: lamu ya sotezi (ule msumeno mwembamba) inapanda na kushuka karibu sentimeta 2, zingine zaidi kidogo, na ncha yake inatokea chini ya mbao wakati yote unakata. Juu unaona mstari yako ya krayo, unaona vumbi, unajisikia fundi. Chini hauoni kitu. Kwa hiyo mbele ya kuwasha, inama kabisa, angalia chini ya mbao kuko nini. Nimeshaona mutu anakata tripleksi muzuri sana pamoja na meza ya patro, na mwingine alikata ralonji (waya ya kurefusha umeme) yake mwenyewe, akabakia anauliza kama umeme umekatika ku mutaa yote. Ralonji iende nyuma yako, ipite ku bega kama unaweza, isikuwe mbele ya mashini hata siku moja.

Mkono ya kushika mbao haina kazi pale. Mbao inashikwa na serejwe (kibanio ya chuma), mbili, si moja, sababu na moja mbao inazunguka. Najua mutaniambia serejwe ni bei. Basi chukua bisi (skrubu) mbili, funga mbao ku meza upande ule wa kutupa, ukimaliza kukata unazifungua, ni kazi ya dakika moja. Na meza yenyewe isicheze: Goma unajua chini ni mawe ya volkano tupu, miguu ya meza haitulii, weka kipande ya mbao chini ya mguu mpaka ukisukuma na kiuno meza haisogei.

Kuwasha pia kuko na namna. Semele, ile sahani ya chini ya mashini, ilale yote ku mbao, lamu isiguse bado, njo unawasha, ukisikia imeshika mwendo unaingia polepole. Kama unaingiza lamu mu mbao halafu unawasha, inaruka. Kama semele inanyanyuka katikati ya kazi, inaruka pia, na pale lamu inapinda ao inavunjika. Ukimaliza achia kifungo, ngoja lamu isimame kabisa, njo unyanyue. Na usiiguse na bidole, inakuwaka ya moto.

Sasa kitu yenye inanisumbua sana, umeme. Sotezi mingi ziko na kakifungo ka pembeni ka kukazia, unakafinya mashini inaendelea hata ukiachia. Siku moja umeme ukakatika, mwenzetu alikuwa amekazia vile, akaweka sotezi ku meza, akaenda kununua mandazi. Tukakaa tunapiga story inje. Umeme ukarudi, tukasikia makelele ndani: sotezi ilikuwa inatembea peke yake ku meza kama kuku ya kukatwa kichwa, ikakula mita yetu ya kupimia, ikaanguka chini. Kama mutu angekuwa anabadilisha lamu ile saa, hata sitaki kufikiria. Kwa hiyo umeme ukikatika, mbele ya kulalamika, mbele ya kuuliza majirani, toa fishi (kichwa ya waya) mu prizi (tundu ya umeme). Hata na grupu (jenereta) ni vile vile, mafuta ikiisha toa fishi. Kubadilisha lamu: toa fishi. Mi mwenyewe ninaiwekaka mu mfuko ya suruali ile fishi, banacheka, bacheke.

Juu ya lamu sitaandika sana. Meno ya lamu mingi zinaangalia juu, maana yake inakata wakati inapanda na inachafua uso wa juu, basi upande ya muzuri ya tripleksi ugeuze chini na uchore ku mgongo. Ile rega (kifungo ya kupanga) ya 0 mpaka 3 ni ya kusukuma lamu mbele: tripleksi na chuma weka 0, mbao laini ya kukata mbio weka 2 ao 3. Meno kubwa ni ya mbao, meno ndogo ndogo ya chuma. Ukienda kununua Birere (mtaa ya biashara hapa Goma) beba ile ya zamani mu mfuko, sababu kuko mkia ya T na mkia ya U na hazibadilishani. Mbao ya kofraje (ile ya kumwagia zege), tafuta misumari yote mbele, pitisha sumaku. Libuyu (aina ya mbao ya huku) yenye bado mbichi inabanaka lamu, usilazimishe, rudisha nyuma kidogo.

Lunete (miwani) vaa, kashe-ne (ya kufunika pua na kinywa) vaa. Glavu kubwa ya kuning'inia hapana, mikono ya shati kunja.

Mutu ataniuliza juu ya magurudumu ya bile bichukudu bidogo (mfano wa zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo) tunauzishaka wageni. Zile sentimeta 8 hazikatwi kwenye kipande kidogo ya kushika na mkono, zinakatwa mu mbao kubwa yenye imefungwa, unazunguka, unaacha milimeta chache bila kukata, unamalizia na msumeno ya mkono. Lakini hiyo si kazi ya wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza nitakupa kipande ya tripleksi yenye imeharibika na mistari 10 ya sawa, na ukiniletea nitaigeuza niangalie upande wa chini.