Walitupima wakaondoka, majibu hatujaona

Mmeuliza wiki hii, chuo kikuu kikishirikiana na kijiji lishe inaboreka kweli au ni picha za mradi tu. Mi niko Kilolo, Iringa, kwa hiyo swali limenigusa. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka 5 waliodumaa nchi nzima ni 30%, Iringa karibu 57%. Na chakula tunacho jamani, mahindi, maharage, viazi, mboga, malori yanapakia yanapeleka Dar.

Kuna chuo kimoja, sikitaji, walikuja na mzani na ule ubao wa kumlaza mtoto kupima urefu, maswali kurasa na kurasa, jana kala nini, juzi kala nini, nikapewa kipande cha sabuni nikasaini basi. Hakuna aliyeniuliza narudi shamba saa ngapi. Na shida iko hapohapo, msimu wa kupanda unatoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka 7 na uji wa mahindi mtupu, anaunywa huohuo umepoa mpaka jioni. Makundi ya vyakula huyo mama anakutajia yote, kayasikia kliniki toka mimba ya kwanza.

Baadaye akaja binti mmoja wa field, chuo kingine, huyo alikaa miezi 2 anapika na sisi, moshi unamtoa machozi. Ndo alituamsha kwenye unga wa lishe, si mnaujua ule, mahindi ulezi mchele ngano soya karanga vyote mashineni kwa mpigo tukidhani vikiwa vingi ndo afya. Akasema nafaka moja inatosha, soya isipoiva vizuri inazuia mwili kutumia protini, karanga zikisagwa zikakaa zinachacha na zikiwa na ukungu zina sumukuvu, bora uzichambue uzitwange siku hiyohiyo utie uji ukichemka. (Mama mkwe alinuna wiki nzima kwa ajili ya soya yake.) Sisi nasi tukamwonyesha tunavyokausha majani ya maboga yafike kiangazi, akaandika kwenye daftari. Ushirikiano naouelewa mimi ni huo.

Singida Vijijini walienda mbali zaidi, kuanzia 2016, chuo cha Nelson Mandela cha Arusha na chuo cha Cornell cha Marekani na wakulima wenyewe. Kijiji kinachagua mwanaume mmoja na mwanamke mmoja wawafundishe wenzao, mikunde, mbolea, chakula cha mtoto, mpaka nani achote maji nyumbani. Watoto wakaanza kula vyakula vya aina nyingi zaidi, njaa ikapungua, ila vipimo vya miili yao havikubadilika, na watafiti wakalisema hilo wazi wala hawakuficha. Hapo mi nawapa heshima, maana huku kila mradi unaisha umefanikiwa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inasaidia, ila waume zetu waitwe kwenye hayo mafunzo, wao ndo wanaamua gunia lipi linauzwa, na majibu yasomwe mkutano wa kijiji kwa Kiswahili. Wale wa ubao walisema watarudi. Mwanangu waliyemlaza pale sasa hivi yuko darasa la tatu.